Mabuti ya Nyumba Nzima

Mume wangu, Baba Kokugonza,

Mvua za masika zimeanza tena, na bonde letu limejaa maji mpaka kwenye mizizi ya mafunjo. Leo asubuhi nimeshuka kuangalia viazi vya ng'ambo, nikarudi na hasira, na hasira yenyewe ni juu yako. Najua si vizuri kumgombeza marehemu. Katekista akisikia atanishangaa. Lakini ulipokuwa hai hukunisikiliza hata siku moja hadi mwisho wa maneno, daima uliinuka kabla sijamaliza. Sasa huna pa kwenda. Nisikilize.

Unaukumbuka mwaka ule kahawa iliponunuliwa vizuri, hata wazee wa hapa Kamuli wakaanza kuvaa makoti kwenda kuchunga? Kila nyumba ilileta kitu. Mmoja alileta baiskeli asiyoweza kuipanda, mwingine alileta saa ya ukutani. Mimi nilikuomba kitu kimoja tu. Ruba wa bondeni walikuwa wamenichosha. Kila nilipotoka kwenye viazi nilikaa mlangoni nawabandua kwa chumvi, damu inachuruzika, na wewe unanitazama ukisema ruba hunyonya damu mbaya. Nikakwambia, "Baba Kokugonza, ninunulie mabuti ya mpira, yale wanayovaa watu wa machimbo ya bati."

Ukasema, "Nimekusikia."

Ningejua mapema maana ya hilo "nimekusikia" lako, ningebaki kwetu Ndama.

Ulirudi kutoka Nkwenda umeyabeba kwapani, yamefungwa kwa jani la mgomba. Meusi, yanang'aa, yananuka kama tairi jipya. Niliteremsha chungu motoni nikafuta mikono. Wewe ukavuta kigoda, ukakaa, ukayavaa. Ukaenda nayo hadi mwisho wa kibanja chetu cha migomba, ukarudi, ukapiga mguu chini kama askari.

"Yananitosha sawasawa," ukasema.

"Na yangu yako wapi?"

"Si haya hapa? Ni yako na ni yangu. Ni mabuti ya nyumba nzima."

Namba tisa! Mguu wangu unaujua mwenyewe. Ungeingia humo pamoja na mwanawe. Nilipokuonyesha jinsi vidole vyangu vinavyoishia katikati ya safari, hukutikisika. Ulinijibu kwa upole kabisa, na upole wako ndio uliokuwa ukinichoma zaidi: "Mabuti ni kama jembe. Jembe moja hulimiwa na baba na mama. Umewahi kusikia jembe lenye namba?"

Neno lile halikuwa na kichwa wala miguu.

Basi nikayavaa. Nikajaza majani makavu ya migomba mbele ya vidole na nyuma ya kisigino. Nikitembea kwenye nchi kavu, kisigino kilipanda na kushuka ndani kama mchi kwenye kinu. Ukingo wa juu ulinigonga magotini, ukanichuna ngozi. Nikishuka bondeni majani yalilowa, yakavimba, yakaoza. Na ruba, waliozoea kuning'ang'ania huku nje, sasa wakapata nyumba. Waliingia kwa juu, wakatulia ndani kwenye joto, nami siwaoni mpaka jioni. Nilikueleza haya yote. Ukasema nitazoea.

Na wewe uliyavaa wapi, Baba Kokugonza? Bondeni hukushuka. Uliyavaa kwenda barazani, ukayavaa kwenda kanisani, tena kiangazi, jua linawaka, miguu yako inachemka humo kama ndizi chunguni. Ukirudi unaning'iniza soksi kwenye mti wa kahawa na kusema mabuti ni kitu kizuri sana.

Halafu ikaja ile siku. Hatukuwahi kuizungumza vizuri, maana kila nilipoanza uliinuka kwenda kutazama ng'ombe.

Nilikuwa narudi kutoka ng'ambo, kikapu cha viazi kichwani, Kokugonza mgongoni amelala kwenye mbeleko. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Nilipofika pale pabaya, katikati ya mafunjo, tope likashika mabuti yote mawili. Nikavuta mguu wa kulia. Mguu ukaja, buti likabaki. Nikapepesuka, kikapu kikaenda, nami nikaanguka ubavu. Buti la kushoto likajaa maji, likawa zito kama jiwe, likanishikilia mguu umepinda. Siwezi kuinuka, siwezi kugeuka. Na mtoto yuko mgongoni, na mgongo uko majini.

Niliivuta mbeleko mbele kwa nguvu nisizozijua. Akatoka amezibwa pumzi, macho wazi, hana sauti. Nikapiga kelele. Ma Apolonia, jirani yetu, alikuwa kisimani. Alipokea kelele akazipeleka juu. Wewe ulishuka mlima ule mbio, peku, ukayakanyaga matope kama korongo, wala hukuzama. Ukamchukua Kokugonza miguu juu, ukampiga mgongoni mara moja, mara ya pili, akatapika maji na kulia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Uso wako nauona mpaka leo. Ulikuwa na rangi ya majivu.

Ukaja kwangu. Ulinivuta kwa makwapa mpaka nikachomoka. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka. Ma Apolonia akambeba mtoto, wewe ukanibeba mgongoni kupanda mlima, mwanamke mzima, mbele ya watu wote wa kisimani. Nami kila hatua nikawa nakwambia sikioni, "Namba tisa. Namba tisa. Namba tisa."

"Nyamaza," ukasema, "unanimalizia pumzi."

Ukanitua mlangoni. Ukamtazama mtoto, ukamgusa kichwa, ukageuka ukashuka tena. Nikadhani unakwenda mahali pa faragha ulie kama wanaume wanavyolia. Nikakuonea huruma, Mungu anisamehe. Kumbe umekwenda kuchimba mabuti! Ulirudi nayo yote mawili, umeyasuuza, ukayapindua mtini yakauke.

Lakini usiku huo hukula. Na asubuhi, unapika ndizi kwa sababu mimi siwezi kusimama, na unaziunguza, ukasema bila kunitazama, "Nitakuletea ya kwako."

Nikafurahi. Nilifurahi mapema mno.

Nikakwambia nikipona tutakwenda wote Nkwenda nikayajaribu. Ukashtuka kana kwamba nimesema nitacheza ngoma madhabahuni. "Mke wa mtu hanyanyui mguu mbele ya wanaume dukani."

"Miguu hii hii ninayokwenda nayo peku njia nzima, kila mtu anaiona?"

"Kutembea ni kutembea. Kunyanyua ni jambo jingine."

Ukakata kijiti cha mtete, ukanipima unyayo kutoka kisigino hadi kidole gumba, ukaenda na kijiti chako dukani. Uliporudi na mabuti mapya, urefu ulikuwa sawa kabisa. Ila mguu wa mtu si kijiti. Wangu ni mpana mbele na umeinuka juu, kama wa mama yangu. Ulikwama katikati. Ukasema sukuma. Nikasukuma, ukaingia, kisha ukakataa kutoka. Ulikaa chini ukanivuta, mimi nimeshika nguzo ya nyumba, buti likachomoka ghafla, ukaangukia mafiga. Uji ukamwagika. Badala ya kuomba radhi ukasema, "Mguu wako umenenepa."

Ukayarudisha, ukaleta makubwa zaidi. Yakapwaya. Ukayarudisha, ukasahau ni yapi yalibana na ni yapi yalipwaya, ukaniletea tena yale yale ya kwanza. Nilikutazama ukishuka njiani umeyakumbatia, na tabasamu lako, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Safari iliyofuata mwenye duka, Ta Zakaria wa Muleba, Mlutheri mpole kama nini, naye alichoka. Ulinisimulia kwa uchungu, kana kwamba amekutukana: "Ananiambia eti nimlete mwenye mguu!"

Nilijifunga kanga, nikamkabidhi mtoto kwa Ma Apolonia, nikatangulia. Ulinifuata nyuma mbali kidogo, kama mtu anayekwenda mahali pengine.

Dukani palikuwa na wanaume wananunua chumvi na mafuta ya taa. Nilisema shikamoo kwa aliyestahili, nikaketi juu ya gunia, nikanyanyua mguu. Mmoja akacheka. Nikamwuliza, "Wako unaushushaje ndani ya kiatu bila kuunyanyua?" Akarudi kwenye chumvi yake. Wewe ulisimama mlangoni umetazama barabara, kana kwamba unamngoja mgeni.

Nilivaa soksi nene, nikajaribu namba tano. Yakanibana juu ya mguu. Nikajaribu sita, kisigino kikapanda. Ta Zakaria akaingia nyuma, akatoka na mabuti mengine ya namba tano, ya aina pana, akayapangusa vumbi. Nikayavaa. Nikasimama, maana umeketi huwezi kujua lolote. Vidole vikapata pa kukaa. Nikatembea hadi kwenye mizani na kurudi. Kisha nikachuchumaa pale pale katikati ya duka, kama ninayepalilia, nikainuka, nikachuchumaa tena. Kisigino kilitulia. Ukingo haukunigusa goti. Nilihisi nina miguu yangu mwenyewe.

Ukageuka hatimaye. "Yanabana?"

"Hapana."

"Yanapwaya?"

"Hapana."

Ukatikisa kichwa kwa mshangao. "Basi kumbe ilikuwa kazi rahisi."

Baba Kokugonza! Nilikutazama, nikatafuta neno katika Kiswahili, nikatafuta katika Kinyambo, nikakosa. Nilitembea nayo miguuni mpaka nyumbani.

Nayo yalinifaa miaka mingi. Ndiyo niliyokuwa nayo masika yale kichomi kilipokushika, huwezi kuvuta pumzi bila kuguna, na zahanati iko ng'ambo ya bonde. Maji yalikuwa yamefunika njia. Nilikuwa mlangoni tayari, mabuti mguuni, moyo umenijaa hofu, ukaniita. Nikarudi mbio nikidhani unataka kuniaga.

Ukasema kwa shida, "Vaa yangu. Ni marefu."

Nikatoka. Nikavuka mafunjo yale, tope likanishika pale pale pabaya, nikavuta mguu, na buti likaja na mguu. Nikavuta wa pili, likaja. Nilimkuta mganga wa zahanati anafunga mlango, nikamrudisha kwa kumlilia. Alivua viatu akakunja suruali, akanifuata nyayo kwa nyayo. Alikuchoma sindano siku ile, na siku zilizofuata nikamvusha tena na tena, mpaka homa ikashuka.

Siku uliyoweza kuketi na kushika bakuli la uji, nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Ukanywa kidogo. Ukapangusa mdomo. Neno lako la kwanza lilikuwa hili: "Ungevaa yangu ungefika mapema."

Nilikwenda jikoni. Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kweli, kisha nikanawa uso nikarudi kukwambia umalize uji.

Uliishi hadi ukamwona Kokugonza akiolewa. Kiangazi kilichopita ulianguka kwenye migomba, panga mkononi, mkungu haujakatika. Sikuwa na nafasi ya kwenda kumwita mtu yeyote. Hiyo nayo ilikuwa tabia yako ile ile, kuinuka kabla sijamaliza.

Baada ya matanga ndugu zako walikuja wakagawana vitu vyako, kama desturi. Mdogo wako Kaiza alichukua koti na yale mabuti. Yanamtosha, sina la kusema. Mguu wenu ni mmoja, wa ukoo. Kila jioni huyavaa kwenda kukata majani ya ng'ombe, na hurudi kwa njia ya chini, hapa nyuma ya nyumba. Wewe hukuwahi kujua mabuti yale yanaliaje kwa mtu aliye jikoni. Yanafanya pwa, pwa, pwa kwenye njia iliyolowa, yanasimama kidogo kwenye mteremko, halafu pwa, pwa tena.

Mara mbili nimeinuka nikaweka maji yako ya kunawa mlangoni.

Mara ya kwanza nilijicheka. Mara ya pili nilimkasirikia Kaiza, mtu asiye na kosa, nikamfuata nikamwambia apitie njia ya juu, kwenye miti ya kahawa. Alinitazama, akasema, "Sawa, shemeji," wala hakuuliza. Tangu hapo anapita juu. Jioni njia ya chini iko kimya kabisa, nami naketi jikoni nakisikiliza kimya hicho, nacho kinaniudhi kuliko ule mlio.

Mvua imekatika, na viazi havijipalilii vyenyewe, basi nakuacha. Kesho nitamwambia Kaiza arudi kupita chini.

Ni mimi mkeo uliyembeba mlimani,
Mama Kokugonza