Njia ya Chumvi na Baiskeli ya Haidar

Zinga,
Bagamoyo.
14 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Farhan,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Amal, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipozungumza mara ya mwisho kimekwisha. Sisi hapa tupo, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua, siku hizi anaswali kwa kukaa kwenye kiti, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mimi bado nafundisha darasa la pili na sauti imenikauka kwa kelele zao.

Barua hii anakuletea Khairat, anayerudi huko Maskati baada ya harusi ya ndugu yake. Usiulize kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungeanza maswali kabla sijamaliza, na haya ninayokuandikia yanataka kusikilizwa mpaka mwisho.

Picha yako ya baiskeli tumeiona. Mama aliitazama sana ile kaptura ya kubana, kisha akaniuliza kama huko kwenu vitambaa vimeadimika. Nikamwambia ndivyo wanavyovaa waendesha baiskeli. Akasema marehemu kaka yako Haidar aliendesha miaka yote na suruali yake, akikunja mguu mmoja tu. Baada ya hapo hakucheka tena siku hiyo.

Sasa nije kwenye uliyoniagiza. Ulitaka nikuchagulie njia ya kutoka Dar mpaka Pangani, iwe tulivu, yenye mandhari, isiyo na magari mengi, ili Idi Kubwa ikipita uje uimalize ile safari mliyopanga na marehemu ya kwenda kwa wajomba. Tena ukataka nikuwekee baiskeli yake uipande hiyohiyo. Kazi hiyo nimeifanya kwa moyo. Ramani uliyonitumia haikunisaidia, maana inaonyesha njia na haionyeshi mchanga, basi nikamwomba binamu yetu Msabaha anizungushe kwa pikipiki yake.

Njia ya Chalinze isahau. Ni mabasi yanayofukuzana na malori ya bara, na pembeni hakuna hata pa kutua mguu. Kutoka Bagamoyo kwenda juu, pita Makurunge: unavuka Wami, unaikuta Saadani, halafu Mkwaja, unatokea Pangani. Kufikia wakati huo masika yatakuwa yamekwisha na upepo wa kusi utakusukuma mgongoni. Pale mbugani usijifanye shujaa. Uliza kwanza getini kama baiskeli inaruhusiwa, na kama hairuhusiwi panda gari. Simba wa Saadani hawajui kama wewe ni mtoto wa hapa.

Kikabaki kipande cha Mapinga mpaka Bagamoyo. Barabara kuu sikuitaka, na unajua kwa nini. Tangu msiba sote tuliamini kwamba Haidar aligongwa hapa Zinga, kwenye lami, kwa sababu ndipo wasamaria walipompakia garini, na baiskeli yake ilikuwa palepale. Kwa hiyo Msabaha akanipitisha njia ya nyuma, ile inayofuata mikoko na mashamba ya chumvi mpaka Mbegani. Farhan, ni njia nzuri kupita kiasi. Mchanga wake umeshindiliwa, yangeyange wamesimama majini, na tulikwenda kitambo kirefu bila kukutana na chombo chochote. Nikasema moyoni, hii hapa, mdogo wangu ataipenda.

Sijui kama nilipata kukueleza habari za ile kanga. Haidar alipoletwa alikuwa amefungwa kanga ambayo si ya mtu wetu yeyote: ya zambarau, yenye michoro ya korosho za njano, imepindwa kwa mkono kwa uzi wa kijani. Ilikuwa upande mmoja tu wa doti. Mama aliifua, akaifukiza udi, akaiweka sandukuni, na akakataza mtu kuivaa. Alisema ni amana, mwenyewe lazima apatikane. Aliwauliza manesi, akawauliza majirani, akawauliza wanawake waliokuja kwenye arobaini. Hakuna aliyeijua.

Basi pale kwenye mashamba ya chumvi, karibu na Mbegani, kulikuwa na mwanamke anakokota chumvi kwa reki, amejifunga kanga kiunoni. Zambarau, korosho za njano. Nilimwambia Msabaha asimame kabla sijajua nitasema nini. Nilipofika karibu nikauona na ule uzi wa kijani.

Anaitwa Tabia. Tulisalimiana, nikamuuliza upande wa pili wa doti yake uko wapi. Aliitua reki, akanitazama.

"Wewe ni nani wake?"

Nikamwambia ni dada yake. Akakaa chini palepale kwenye chumvi, akashika kichwa.

Farhan, ndugu yetu hakugongwa kwenye lami. Aligongwa pale, kwenye ile njia tulivu. Alikuwa anaikwepa barabara kuu kama ulivyotaka kuikwepa wewe, na lori la mchanga nalo lilikuwa linaikwepa kwa sababu zake. Lilimkumba kwa nyuma, halikusimama. Tabia siku hiyo alikuwa peke yake, na simu hana. Alimfunika kwa upande wake wa kanga, akasubiri gari lipite, na gari halikupita, kwa sababu hapo magari hayapiti. Mwisho alimpakia kwenye karia ya baiskeli ya Haidar mwenyewe, akamfunga kwa ile kanga asianguke, akamsukuma mpaka Zinga. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda. Wewe unaijua kazi ya kusukuma baiskeli mchangani hata ikiwa tupu.

Haidar alikuwa hai njia nzima. Alimtaja mama. Aliomba maji, na dumu la Tabia lilikuwa limekwisha, na kulia na kushoto ni maji matupu, yote ya chumvi. Walipofika kwenye lami watu wakasimamisha gari, wakampakia, wakaondoka naye, na hakuna aliyemuuliza yule mwanamke jina lake. Yaliyobaki unayajua, kwamba hospitali hakufika akiwa hai.

Nimekasirika, sikufichi. Nimemkasirikia dereva ambaye leo pengine anakula na wanawe. Nimemkasirikia na Haidar kwa kupenda njia za upweke, Mungu anisamehe. Nawe ulipoandika unataka njia isiyo na watu, hukujua unaomba nini.

Mama nilimwambia jioni ileile. Asubuhi akatoa kanga sandukuni, akavaa baibui, akasema nimpeleke. Tabia hakutaka kuipokea, mama akamshikisha mkononi, akamwambia haki ya mtu ni haki ya mtu. Kisha akamuuliza jambo moja tu, kama mwanawe aliomba maji mara moja au alirudia. Nilimkazia macho yule mwanamke adanganye. Hakudanganya.

"Aliomba mpaka lami, mama."

Tangu siku hiyo mama halali vizuri, na chai akinywa anaiacha nusu. Lakini ameweka mtungi pale alipogongwa Haidar, chini ya kibanda cha makuti alichojenga Msabaha. Ni maji ya sabili, anywe apitaye, thawabu zimfikie marehemu. Wavuna chumvi wanakunywa, wavuvi wanakunywa. Taabu ni kwamba mtungi unataka kujazwa kila siku na bomba liko mbali, huko Mbegani. Tabia ndiye anayejaza. Anabeba dumu kichwani, aende, arudi, kisha ndipo aanze kazi yake ya chumvi.

Mama anataka Tabia apewe baiskeli ya Haidar ibebe maji. Alikuwa ameshaitoa uani aende nayo, Ami Shuaibu akamzuia. Alisema hiyo ni mirathi haijagawanywa, na haitolewi sadaka mpaka kila mrithi aridhie kwa moyo wake. Mama ana fungu lake, mimi nina langu, na mimi nimeridhia. Fungu kubwa ni lako. Basi baiskeli imesimama ukumbini na gurudumu jipya ambalo Msabaha aliliweka kwa ajili ya safari yako, na mama akipita anaishika kengele isilie.

Najua uliitaka uimalizie safari. Najua huna kitu kingine cha kaka yako cha kushika, na maziko hukuwahi. Kwa hiyo sikulazimishi, nakuomba. Njia niliyokuchagulia ndiyo hii: toka Dar mpaka Bagamoyo kwa gari. Kutoka hapo panda baiskeli yako mwenyewe, ile ya kwenye picha, na Msabaha awe nyuma yako kwa pikipiki mpaka Pangani, na maji mbebe ya kutosha watu kumi. Usiponikubalia sharti la kufuatwa na Msabaha, usije kwa baiskeli kabisa. Mama amebakiwa na mtoto mmoja wa kiume.

Msalimie sana Amal. Ami Shuaibu anakusalimu na Msabaha anauliza kama ile kaptura ina mifuko. Tabia naye, ambaye hujamwona, amesema nikupe pole yake. Mwenyezi Mungu akulinde katika kila njia unayoikanyaga, atufikishe Ramadhani salama, na amlaze Haidar mahali penye kivuli na maji baridi.

Mama hakutaka niandike chochote kwa niaba yake. Nilipokuwa nafunga bahasha ndipo akasema nikwambie kwamba anakujua wewe mbishi, utaipita tu ile njia ya chumvi. Basi siku utakayopita umjulishe, atakuwa amekaa pale kwenye mtungi, na usithubutu kumwambia huna kiu.

Dada yako anayekupenda na kukuombea,
Hajra