Mlango wa Jikoni

Mjukuu wangu Moraa,

Nakusalimu kutoka Nyansiongo. Sisi wazima, chai inachumwa, na mdogo wako Nyakundi alitoka jandoni Desemba. Sasa ana saiga yake, kile kijumba cha kijana aliyetahiriwa, na anatembea kama chifu.

Umeniuliza, wewe mwalimu, kwa nini wavulana wako huko Voi wanaachwa nyuma na wasichana. Mimi si mtaalamu. Namkumbuka tu kaka yangu Ombati.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, jikoni, mama akisonga ugali. Alipotahiriwa akahamia saiga, na jikoni hakuingia tena. Mimi nilibaki na mama, ambaye hakujua hata herufi, lakini kila jioni aliniambia, "Soma nisikie."

Siku moja nilikosea neno. Sauti ya Ombati ikanisahihisha kutoka nje. Kumbe alikuwa amesimama ukutani akisikiliza! Mama akamkemea: "Mwanaume hazungukizunguki jikoni." Ombati akaenda zake. Kule saiga hakuna aliyemwambia, "Soma nisikie." Baada ya miaka miwili nilimpita masomoni, na watu wakasema ni mvivu. Hata mimi nilisema.

Jana Nyakundi alileta kuni akaziacha mlangoni, kitabu kwapani. Nikamsogezea kigoda.

"Nyanya, mimi ni mwanaume."

"Najua. Ingia, soma nisikie."

Alisoma kurasa tatu. Moraa, sauti yake ni ya Ombati kabisa.

Nyanya yako,
Kemunto