Nusu ya Donat

Gisenyi, 4 Mei 1997

Laurence mwanangu,

Salamu nyingi toka nyumbani. Habari za Bukavu, habari za duka, na kile kifua chako kimepona? Mi niko muzima, isipokuwa magoti, na magoti si ugonjwa, ni umri.

Orkide, maua yangu, ziko vizuri. Wachoma makaa walishusha gogo toka pori la Gishwati likiwa na tatu juu yake. Nilifika kabla hawajaliwasha, nikazing'oa kwa kijiko. Wanacheka: "Karekezi, wenzako wanafuga mbuzi!" Bon, mbuzi yupi ananukia jioni?

Sasa sikia. Ile nyeupe yangu niliikata nusu Donat alipovuka kwenda Goma na ule umati wa wakimbizi, mwaka wa tisini na nne. Nilimupa ndani ya kopo la maziwa. Nusu mbili za mumea mumoja hazisahauliani: ya hapa ikifunguka, ya kule inafunguka wiki ileile. Kila mwaka nikiikuta imefunguka nasema, leo mutoto wangu iko ananusa hii hii. Lakini miaka mitatu bila neno ni mingi. Kambi zimeisha, watu wamerudi, yeye hapana. Wewe unapanda Goma na samaki wako. Muulizie mudogo wako.

Papa yako,
Karekezi

Bukavu, 19 Mei 1997

Papa,

Salamu. Kifua kimepona, na magoti nayaulizia.

Nimehesabu barua yako. Orkide mistari sita, Donat tisa. Mi mustari mumoja, na nusu yake ni kikohozi. Usikasirike, mi ni mufanyabiashara, nahesabu kila kitu. Nilipoondoka hapo mwaka wa themanini na tisa ulinisindikiza mpaka mulangoni, ukarudi haraka kunyunyizia maji. Nilianza na beseni moja ya sambaza kichwani, samaki wadogo wa ziwa. Leo niko na duka la milango miwili, na hakuna aliyenikatia nusu ya kitu. Nimekulia kwenye nyumba yenye makopo arobaini na moja ya orkide nyuma ya kufuli, na nikikaribia kibanda unasema: "Acha, Laurence, we una mukono muzito."

Nitakwenda. Si kwa ajili ya maua. Donat nilimubeba mugongoni mi.

Binti yako,
Laurence

Bukavu, 22 Julai 1997

Papa mupendwa,

Kaa chini kwanza. Magoti vipi? Bon.

Nimemupata. Donat iko muzima! Iko mbali, upande wa Walikale, na njia ni mbaya, donc usitume mutu. Amekonda lakini anacheka vilevile, mukono mbele ya mudomo. Anafundisha watoto kusoma. Kuandika hawezi kwa sasa, karatasi zinaleta shida njiani. Na orkide yako iko nayo dirishani. Jioni niliyofika ilikuwa imefunguka, maua meupe manne, nyumba nzima inanukia. Akaniambia, "Mwambie Papa nainusa." Nimeona kwa macho yangu.

Sasa kula, ulale.

Binti yako,
Laurence

Gisenyi, 3 Agosti 1997

Laurence mwanangu,

Wellars wa boti ameleta barua yako. Nimeisoma, nikaisoma tena. Asante kwa safari hiyo. Miguu ilivimba? Itie kwenye maji ya chumvi.

Papa yako

Gisenyi, 16 Novemba 1997

Laurence mwanangu,

Salamu. Natumaini we uko muzima. Mi sijui nikwambie nini juu ya afya yangu.

Nyeupe imefunguka jana jioni. Inafunguka Novemba, mvua zikikolea. Julai haijawahi, hata mara moja, kwa miaka kumi na tisa. Julai ni kiangazi, mumea umelala, hata kichomozo cha ua hauna.

Nilijua siku ileile niliyosoma. Sikukuandikia. Nilijiambia, labda Walikale mvua ni zingine. Labda mwaka huu zote zimepotea njia, na hii ya kwangu nayo itakosa mwezi wake. Nikaipa nafasi. Kila asubuhi nilikwenda kuitazama nikiiomba ikosee. Miezi ile nilikuwa bado na watoto wawili.

Haikukosea.

Sikulaumu, mwanangu. Ulinifunika blanketi. Sasa niambie tu amelala wapi.

Papa yako

Bukavu, 30 Novemba 1997

Papa,

Leo sina salamu.

Ilikuwa kipindupindu. Mwezi wake wa kwanza Goma, mwaka uleule wa tisini na nne. Siku mbili tu. Walizikwa wengi shimo moja, juu yake mawe meusi ya volkano, hakuna hata pa kusimika fimbo. Aliyeniambia ni Kampire, jirani yake wa hema. Ndiye alibaki na kopo. "Nilikuwa nainywesha asubuhi na jioni, mama, kama mutoto." Mizizi ikaoza. Aliniomba musamaha, eti mumea wa wenyewe umemufia mukononi. Kopo ninalo.

Nilitaka kukuachia Donat, nikatia na ua ili uamini. Papa, mi najua bei ya sambaza wiki kwa wiki, mwaka muzima. Mwezi wa ua lako sikuujua. Lilifunguka miaka kumi na moja nikiwa palepale chini ya paa lako, na hukuniita siku moja nije nione. Ungeniita, ningekudanganya vizuri. Leo ungekuwa bado na watoto wawili.

Laurence

Gisenyi, 12 Januari 1998

Laurence mwanangu,

Pokea salamu za muzee asiyekuwa na la kujitetea. Umeamkaje huko? Unapata wa kukaa naye jioni?

Wellars anakuletea kopo. Nimeikata nusu tena. Mawe ya volkano chini, vipande vya makaa juu. Maji ya mvua, si ya ziwa, mara moja kwa wiki. Ukisahau usiogope, zinawafia watu kwa maji zaidi kuliko kwa kiu. Mwambie hivyo Kampire, alale.

Novemba, jua likishazama. Mi nikiona yangu imefunguka, nitajua mutoto wangu anainusa.

Mukono wako si muzito. Hilo neno lilikuwa langu baya.

Papa yako,
Karekezi

Bukavu, 18 Novemba 1998

Papa,

Salamu sana. Magoti vipi? Unakula? Hii ni barua ya nne tangu Agosti, tangu vita kurudi. Boti zilisimama, zikaanza tena, lakini Wellars hajaonekana, na hakuna aliyeniletea neno lako. Hii nimemupa mama mumoja nisiyemujua. Ameahidi kuivusha mwenyewe mpakani, pale Grande Barrière.

Imefunguka. Jana nilikuwa nafunga milango ya duka nikafikiri mutu kamwaga manukato. Nikageuka. Maua mawili, Papa. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake mpaka giza. Muteja akagonga, "Mama Laurence, sambaza!" nikamwambia nyamaza, leo tumefunga. Sikuigusa. Niliweka mikono chini ya mapaja kama mutoto.

Papa, ya huko imefunguka? Usiandike barua ndefu. Niandikie neno moja tu.

Binti yako,
Laurence