Mtoto Aliyelazwa Chini

Kanisa la Kalama,
S.L.P. 418,
Machakos.
14 Desemba 2001

Mpendwa Dada Ndunge,

Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji Simiyu na watoto. Mko wazima? Kifua cha Josphat kimepona, ama baridi ya Kitale bado inamsumbua? Huku mvua imenyesha vizuri, na mbaazi za mke wangu Kavutha zimechanua mpaka anaringa njia nzima. Mimi ndiye sijatulia. Hii ni mara ya tatu naanza barua hii, mbili nimezichana.

Unajua Padri Bartholomew alinipa ukuta wa nyuma ya altare nichore Kuzaliwa kwa Bwana. Baba Askofu anakuja kuubariki Jumapili ya tarehe 23. Nilifuata picha ya kalenda ya misheni: Mama Maria amepiga magoti, mikono ameikunja kuomba, na Mtoto yuko chini, uchi, mwili wake ukitoa mwanga. Dada, ule mwanga ulinitoa jasho! Nilipomaliza nilijiona fundi kweli.

Halafu akina mama wa jumuiya wakaja kufagia. Wee! Mzazi gani huyu, amejifungua sasa hivi na hakuna hata wa kumkorogea uji? Na mtoto mchanga analazwa sakafuni bila hata leso? Nikatetea kazi yangu, tukapandishiana sauti pale mbele ya altare kama watu wa sokoni.

Padri akaingilia. Alitueleza kwamba zamani huko Ulaya wachoraji walizoea kumchora Maria amelala kitandani, mzazi aliyechoka. Kisha Mtakatifu Brijita wa Uswidi, mjane mzee, akaenda kuhiji Bethlehemu na kuona maono: Maria amepiga magoti, Mtoto chini, anang'aa. Maono yale yakaandikwa, wachoraji wakayafuata nchi baada ya nchi, mpaka yakafika kwenye kalenda yangu. Akina mama walimsikiliza kwa heshima. Alipomaliza, mmoja akasema, "Basi Baba, turudishie ule mchoro wa kitandani." Nilikuwa na hasira, lakini kicheko kilinitoka.

Hayo ningeyavumilia. Kilichoniuma ni Mama. Jumamosi nilimleta mwenyewe aone kazi ya mwanawe. Akasimama mlangoni, akatazama, akageuka, akaenda zake. Kesho yake hakuja misa. Mama yetu, ambaye hakosi misa hata akiwa na malaria! Nilipomwuliza kuna nini, aliniambia tu nimwokote yule mtoto. Nikaudhika, nikamjibu vibaya, na hilo bado linanichoma.

Juzi ndipo akanieleza. Dada, kwa nini hukuwahi kuniambia? Kwamba kabla yangu alizaliwa mtoto mwingine, mwaka ule wa njaa, kule shambani, asubuhi ya baridi. Kwamba Mama alizimia, na alipozinduka alimkuta mtoto chini, na wewe umepiga magoti mbele yake, mikono umeikunja kifuani, unaogopa kumshika. Mtoto hakufika jioni. Wewe ulikuwa na miaka sita. "Yule wa ukutani si Maria," Mama aliniambia. "Ni Ndunge."

Sasa ndiyo naelewa kwa nini hukuwahi kuwabeba watoto wangu mpaka waanze kukaa wenyewe, na kwa nini ukija nyumbani hukai hata siku mbili. Mimi nilikuwa nikisema una maringo. Nimesema hivyo miaka mingi, mbele ya watu. Nisamehe, Dada.

Jana nilichukua msasa nikamfuta Mtoto. Padri alinifokea, kisha nilipomweleza akaniambia niendelee. Kwa hiyo Maria amepigia magoti plasta tupu, na zimebaki siku tisa. Mikono iliyokunjwa haibebi mtoto. Lazima niichore upya, na unajua mikono ndiyo hunishinda siku zote.

Leo asubuhi nikamwomba Mama anionyeshe. Akakubali kuingia. Akaketi benchi la mbele, nami nikakunja blanketi la mtoto wetu mdogo, nikampa. Alilipokea kwa mikono miwili, akalilaza kwenye kiwiko cha kushoto, akalifunika upande wa juu kwa kanga yake, kama anakinga upepo. Nilichora kwa makaa, nikamaliza, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Yeye hakuliweka chini.

Ndipo akasema bila kuniangalia: "Mwandikie Ndunge. Mtoto wa miaka sita angejua nini? Mwambie sijamlaumu hata siku moja. Nilidhani anajua."

Nimekuandikia hayo jinsi alivyoyasema, sikuongeza neno. Alilia, Dada, na mimi nililia.

Njoo kabla ya Jumapili hiyo ya Baba Askofu. Ikishindikana, piga simu dukani kwa Habiba, pale mjini ninaponunua rangi. Alhamisi saa nne nitakuwa hapo pamoja na Mama. Nisalimie shemeji, nisalimie Josphat na wadogo zake. Kavutha anawasalimu wote. Mungu akuondolee mzigo huu, akupe usingizi mwema.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko nilivyojua kuonyesha,

Mulwa

N.B. Blanketi bado analo. Ameketi nalo hapa karibu yangu, ananiuliza kama nimeshaandika kwamba uje.