Meneja Hajasema Tangu Jumanne

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unasemaje? Mama aliniambia daktari amekuruhusu kutembea na fimbo mpaka uani. Nilifurahi, halafu nikacheka peke yangu, kwa sababu wewe ukiruhusiwa uani utafika sokoni. Tafadhali usifanye hivyo. Msalimie binti yako na mkweo, na mjukuu mwambie magari yake ya vifuniko nimeyatunza, hakuna aliyeyagusa. Sisi huku miili ni mizima. Baba yuko safari ya kazi, atarudi mwisho wa mwezi. Mama yupo, ila sauti imemkauka.

Ninakuandikia nikiwa darasani, nimekalia kile kiti kidogo cha njano, magoti yananigusa kidevu. Ni Jumamosi asubuhi, watoto hawapo, na Mama ameenda kwa fundi wa sare. Kila geti likigonga naisukuma karatasi chini ya mkeka, kisha nakumbuka ni upepo tu, maana siku hizi getini hakuna mtu wa kulifunga. Nitakueleza kwa nini. Ningekupigia simu, lakini unanijua, kwenye simu naishia "ndiyo" na "haya" mpaka mtu anakata. Simu yenyewe ni ya Mama, na Mama amekataza usiambiwe habari zozote za shule mpaka upone.

Nianze na ratiba, kwa sababu ndiko yalikoanzia.

Ulipoondoka kwenda kuuguza mguu uliniachia darasa na mipango yako ukutani. Wiki ya maji, wiki ya majani, wiki ya mwili wangu. Kwenye maji uliandika kwamba wa miaka mitatu wanamimina kutoka kikombe hadi kikombe, wa minne wanapanga chupa kubwa na ndogo, wa mitano wanahesabu vikombe vya kujaza ndoo. Uliniambia maji ni yale yale, watoto ndio si wale wale. Niliifuata vizuri tu. Halafu ikafunguliwa ile shule ya ng'ambo ya barabara, yenye ukuta wa rangi na watoto wamevaa tai. Tai, Shangazi, mtoto ambaye kamasi bado anafutiwa! Wazazi wetu wakaanza kuja kwa Mama mmoja mmoja. Mmoja akasema mtoto wa jirani yake anaandika mpaka mia, wa kwake anarudi na mchanga masikioni. Mwingine akauliza kama hapa ni shule au ni mahali pa kufulia. Baba yake Meneja, kwa upole kabisa, akasema maji hata nyumbani kwake yapo, mwanawe hahitaji kuja kuyamimina hapa.

Mama alicheka nao, akawasindikiza, kisha akaja jikoni akakaa. Nilimwona akimenya kitunguu mpaka kikaisha mkononi, hakubakiza kitu cha kupika. Aliogopa, Shangazi. Nataka ulijue hilo kabla hujamkasirikia. Watoto kadhaa walikuwa wameshahama, na alisema hatakubali wifi yake arudi na mguu mbovu akute vyumba vitupu, watu waseme kaua shule ya mwenzake. Ndipo akaniambia niandike ratiba mpya, ya kisasa, na iwe kwa Kiingereza, kwani si mimi niliyesomeshwa lugha mbili? Nilitaka kusema Kiingereza nakijua, watoto ndio siwajui. Nikasema haya.

Nikachukua madaftari yangu ya darasa la pili, nikapunguza kidogo hapa na pale, nikapiga mistari kwa rula na wino mwekundu. Saa nzima ya kuandika kila asubuhi, wakubwa kwa wadogo. Namba mpaka hamsini, maneno ya Kiingereza ya kukariri, kazi ya nyumbani kila siku. Mchanga na vikombe na vibao vyako vya kujengea vikaenda stoo, pamoja na mafagio. Mama akaitia ratiba kwenye fremu, akaitoa humo picha ya harusi ya mjomba, na wazazi wakaipiga picha kwa simu zao. Walinisifu. Sijawahi kusifiwa na watu wengi hivyo kwa mara moja, na muda wote nilikuwa nawaza kwamba wa miaka mitatu hata penseli wanaishika kwa ngumi.

Unamkumbuka Meneja, yule wa miaka minne anayetembea mikono nyuma akikagua viatu vya wenzake? Wewe ndiye uliyempa jina hilo, siku alipomwuliza mpishi mbona kazi haiendi. Mtoto yule alikuwa hanyamazi. Alikuwa anasema hata akinywa uji. Basi saa ya kuandika ilimbadilisha. Alianza kwa kuuliza kama imeisha kabla haijaanza. Kisha akawa anaingia chini ya meza. Wiki iliyofuata akawa anatapika, kila siku, mara tu nikigawa penseli, na anaomba radhi kama mtu mzima: samahani mwalimu, tumbo limekataa. Wengine walitafuna penseli mpaka mbao, na kuna wawili waliokuwa wameshaacha kukojoa ovyo wakaanza upya. Nilimwambia Mama, kwa sauti yangu hii ambayo hata paka haigeukii. Akasema watazoea, mbona wewe ulizoea. Ni kweli, nilizoea. Lakini nitazame nilivyo.

Sasa nikueleze la Jumanne, kwanza kama linavyojulikana na watu wote.

Walikuja wazazi wageni, mume na mke, kuona shule. Mama akaniita ofisini akanipa karatasi za herufi nikimbie kuzitoa kopi, wageni waondoke nazo. Dukani umeme ulikuwa umekatika, mwenye duka akasema unarudi sasa hivi, nikangoja. Niliporudi nilikuta geti wazi na watu wamejaa uani. Mama alikuwa amewahesabu watoto mbele ya wageni na Meneja hakuwemo. Walishatafuta vyooni, chini ya meza, kwenye mtaro wa barabarani. Mama yake alikuwa ameitwa kutoka kazini, amefika na kiatu kimoja mguuni. Alisimama uani akaita lile jina la kweli la mwanawe, ambalo sisi hatulitumii, akaliita mpaka likawa halifanani na jina tena. Hakuna aliyeitika.

Halafu mtu akasema: tangi. Lile la chini ya ardhi, ambalo mfuniko wake una ufa. Sijui ni nani aliyesema. Baba yake Meneja, naye ameshafika, akalala kifudifudi akaingiza mkono wote majini mpaka begani. Babu Geti, mlinzi wetu, akakimbilia stoo kuchukua ngazi ili ashuke humo. Akavuta komeo, akaingia, na akatoka bila ngazi. Alikuwa amembeba Meneja.

Mtoto hakuwa hata na mkwaruzo. Watu walilia, wakacheka, yule mama akambana mpaka nikadhani atamvunja. Kisha baba yake, mkono bado unachuruzika maji, akauliza: komeo liko nje, nani alilifunga? Na huyu mzee alijuaje pa kwenda? Babu Geti akasema alifuata ngazi. Wakamcheka. Mmoja akamwambia, ngazi, ngazi, ngazi ya kupandia wapi, mzee mzima huna haya. Mwingine alishamshika ukosi. Mama akaingia kati wasimpige, lakini jioni ile ile alimwachisha kazi. Babu Geti akamkabidhi filimbi na tochi, akafagia kibanda chake, akaondoka. Jumatatu anatakiwa kituo cha polisi.

Na tangu Jumanne hiyo Meneja hajasema neno. Anakula, analala, akitaka maji anavuta nguo ya mama yake. Daktari amemtazama koo na masikio, hakuona kitu. Watu wanasema ametishwa na yule mzee, na kila siku wanaongeza alichotishiwa. Kuna aliyenisimulia mimi, barabarani, eti alionyeshwa kisu.

Alhamisi Mama alinichukua twende kuwapa pole. Meneja alikuwa kwenye kochi kubwa, miguu haifiki chini. Aliponiona alikaa wima, akaweka mikono magotini, akainamisha kichwa upande mmoja. Mama yake akasema mwone, hata mwalimu wake hataki kumtazama usoni. Mama akalia. Mimi nilikunywa maji niliyopewa, nikasema poleni, nikarudi nyumbani.

Shangazi, ulishakaa? Komeo nililifunga mimi.

Nilishaanza wiki mbili kabla. Yule aliyezidiwa nilikuwa namtoa, nasema nakwenda kumnawisha uso, namwingiza stoo kwenye vibao na vikombe vyako. Mama akifundisha wakubwa chumba cha pili hasikii. Wa mitatu nilimpa vya kumimina, wa minne nilimpa vya kupanga, kama ulivyoandika. Walirudi darasani wametulia, na nilijiona nimefanya jambo, mimi ambaye sijawahi kubishana na mtu. Shida ilikuwa Meneja, kwa sababu ya mdomo wake. Nikamtungia mchezo. Wewe ni redio, nikamwambia. Nikizungusha sikio hili, redio imezimwa, haitoi sauti yoyote mpaka niizungushe tena. Akaupenda kupita kiasi. Yeye mwenyewe akaongeza sheria: aliyezima ndiye anayewasha, mtu mwingine akigusa haiwaki.

Jumanne alishatapika, na nilisikia sauti za wageni wanakuja. Nilimkalisha juu ya boksi la vibao, nikamzima, nikamwambia narudi sasa hivi kukuwasha. Mlango wa stoo unafunguka wenyewe, unaujua, kwa hiyo nikatia komeo. Nilitaka wapite tu. Ndipo Mama akaniita na zile karatasi. Ilitosha kusema naomba unisubiri kidogo. Wageni walikuwa wananitazama, nikachukua karatasi nikakimbia. Kule dukani nilisimama gizani na watu wengine nikimwomba Mungu umeme urudi, na sikuondoka, kwa sababu nilitumwa kopi.

Niliporudi, mama yake alikuwa amesimama mbele ya mlango wa stoo. Pale pale, mgongo wake unakaribia kugusa mbao, anamwita. Na yeye ndani anamsikia. Anasikia baba yake, anasikia watu wakisema tangi. Amekaa gizani mikono magotini, hatoi sauti, kwa sababu mimi nilimwambia hivyo. Wewe ulinifundisha kwamba kwa mtoto wa miaka minne sheria ya mchezo ni sheria kweli, hajui kuivunja kidogo. Nililiandika hilo kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Pale uani nililikumbuka neno kwa neno, na miguu haikutoka ilipokuwa. Alipofunguliwa nilifikiri basi, yameisha. Babu Geti aliposhikwa ukosi nilifungua mdomo. Mpishi alikuwa karibu yangu, akaniuliza unataka kutapika?

Na Alhamisi, kwenye lile kochi, Meneja hakuwa ananikwepa uso. Alikuwa ananipa sikio.

Mama zetu wote wawili walikuwa wanatazama. Nilishika bilauri kwa mikono miwili ili mkono usiende wenyewe. Kwa hiyo bado amezimwa, Shangazi. Au labda si mchezo tena, labda ni giza lile, au zile kelele zimemwingia mahali ambapo kidole changu hakifiki. Sijui. Nikifumba macho naliona lile sikio.

Barua hii ninampa dada wa duka la dawa anayesafiri huko leo. Nimekuandikia wewe kwanza makusudi, ili ikishatoka mkononi mwangu nisiwe na pa kurudi. Kutoka dukani kwake naendelea moja kwa moja hadi kwa akina Meneja. Jumamosi baba yake na mama yake wote huwa nyumbani. Nitawaambia habari ya komeo kabla sijamgusa mtoto, kisha nitawaambia habari ya Babu Geti, kisha nitaomba ruhusa ya kulishika lile sikio. Nimejaribu kuyasema kwa sauti hapa darasani, nimefika nusu.

Nikilizungusha na asiseme kitu, sijui nitatokaje katika nyumba ile. Lakini nikueleze kitu ambacho ninakiogopa zaidi. Kila mchezo ulipokwisha, nilipomwasha, Meneja alikuwa na swali lake moja, anauliza huku amekunja mikono nyuma. Nina hakika akisema, litakuwa hilo hilo, mbele ya wazazi wake. Mwalimu, nimeshinda?

Nisalimie wote hapo, wakubwa na wadogo. Mguu usiukanyagie kwa ajili yangu, na Mama usimpigie leo, niache nimkute mimi. Kama kuna dua unayoijua ya mtu mwenye sauti ndogo, nisomee.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako.