Wote Kumi na Wawili Wako Salama

Kericho, 9 Juni 2024

Wifi Amondi,

Natumaini kikohozi cha kaka yangu Kipngeno kimepungua, na kwamba mvua ya Sotik imewaachia barabara. Mimi mwili ni mzima.

Kuna swali nimebishana nalo miaka mingi katika kazi hii ya kuisemea kampuni ya chai: taarifa yangu ikisomwa neno kwa neno na watu ambao hawakuniuliza lolote, hiyo ni habari, au ni barua yangu tu iliyopewa sauti? Nililiona kuwa swali la darasani. Sasa lina jina la mtu.

Trekta letu lilipowaangusha wachumaji mtoni Jumatatu asubuhi, mitandaoni walikuwa tayari wameua watu ishirini. Mkubwa wangu alinipa nusu saa. Nilichukua orodha ya wachumaji waliopanda, nikapiga simu namba kwa namba. Nelvine alijibu, "Niko salama, madam." Nikaandika kwamba wote kumi na wawili wako salama, nawe ukaisoma redioni saa nne na nusu.

Kumbe Nelvine alikuwa kitandani, mgonjwa. Mdogo wake Velma ndiye aliyekwenda kuchuma kwa namba yake ya kazi. Nelvine alinificha akiogopa kufutwa kazi. Wenzake walidhani Velma amepelekwa hospitali. Maiti yake ilipatikana Alhamisi, mbali kule mto unakoteremkia.

Wifi yako,
Tecla

Sotik, 12 Juni 2024

Wifi Tecla,

Sisi wazima. Kaka yako bado anakohoa, lakini kelele za kudai chai hazijapungua hata kidogo.

Usijitwishe lawama peke yako. Hapa redioni tulikuwa watano. Leo niko mimi na simu yangu. Yule Onsongo wa gazeti, kabla hawajafunga ofisi yao ya Kericho, angekuuliza: "Madam, umewaona kwa macho ama umewasoma kwa karatasi?" Mimi sikuuliza. Nilipokea, nikasoma.

Leo mama yake Velma amekuja kutoka Chebunyo. Anasema majirani wa kule shambani walikuwa wakipekua mto. Waliposikia redio, wakarudi nyumbani. "Ni wewe ulisema?" Nikamjibu ni mimi. "Basi sema tena. Sema mtoto wangu alikuwa hapo."

Niandikie taarifa mpya, nitaisoma.

Wifi yako,
Amondi

Sotik, 26 Juni 2024

Tecla,

Hujambo? Wiki mbili, kimya. Mama yake Velma amekuja tena. Alikaa kwenye benchi hadi nikamaliza taarifa ya saa saba, akaondoka.

Wifi yako

Kericho, 29 Juni 2024

Wifi Amondi,

Nisamehe; hata hali zenu sijauliza. Wakili wa kampuni alinikataza kuandika. Nilimtii siku kumi na saba, na sina hakika kama ilikuwa busara au woga.

Taarifa hii hapa, kwa jina langu, si la kampuni. Inasema Velma alikuwa kwenye trekta lile, na kwamba nilihesabu namba nikadhani nimehesabu watu. Jumatatu huenda nisiwe na kazi.

Nilimwuliza daktari aliyeuchunguza mwili kama Velma alikuwa hai wakati majirani walipoondoka. Alisema siku tatu za maji zimefuta kila alama ambayo ingemwezesha kujibu. Kwa hiyo taarifa haisemi alikufa saa ngapi. Mama akikuuliza, usimwambie alikufa papo hapo. Ningependa mno iwe hivyo, na ndiyo maana siamini kwamba najua.

Wifi yako,
Tecla