Si Muuguzi Aliyekusema

Dada yangu mpendwa,

Natumaini umeanza kupata usingizi. Sisi hapa tupo. Mama goti linamsumbua, na paka wake kazaa tena ndani ya kabati langu la nguo.

Dada, uliponipigia ukilia kwamba majibu ya vipimo vyako yamesambaa kwenye simu za watu na shemeji amehama nyumba, ulisema, "Ni yule muuguzi rafiki yangu. Nani mwingine alijua?" Mimi nikasema pole tu.

Si yeye. Programu inayolinda siri za wagonjwa kwenye tovuti ya hospitali yetu ilikuwa na kasoro. Mtu wa nje akiiuliza neno moja, ilimjibu na kummwagia mengine yaliyokuwa karibu kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Marekebisho yalitoka Jumatatu. Kuyaweka ni kazi ya saa moja, na ni kazi yangu. Nikawa najiambia kesho, kesho. Alhamisi majibu yako yakachotwa.

Juzi yule muuguzi alifukuzwa. Nilimkuta koridoni amebeba viatu vyake vya kazi kwenye mfuko. "Mwambie dada yako sikufungua mdomo," aliniambia. Nikamwitikia, nikainamisha kichwa.

Leo nimemweleza mkurugenzi ukweli wote. Akafunga mlango, akasema, "Hilo limekwisha. Rudi kazini."

Nami nikarudi, dada. Hapa nakuandikia nikiwa mezani kwangu.

Usinijibu kama moyo haukubali.

Mdogo wako